Sura ya Sita: Panga Lipitie Motoni

Bakteria anayeua migomba ya Karagwe na Kyerwa hana miguu wala mabawa. Akibaki kwenye udongo mtupu bila mgomba wa kumlisha, hufa baada ya miezi michache. Kwa kiumbe dhaifu kiasi hicho, safari yake inashangaza. Mwaka 1968 wanasayansi walimwandika kwa mara ya kwanza nchini Ethiopia, alikokuwa akishambulia enseti, ndugu wa mgomba ambaye watu wa huko hula tunguu na shina lake kwa kuwa matunda yake hayaliki. Miaka michache baadaye akaonekana kwenye migomba yenyewe, hukohuko Ethiopia. Mwaka 2001 akaibuka Uganda, wilayani Mukono, na karibu wakati huohuo Masisi, mashariki mwa Kongo. Ilipofika 2006 alikuwa ameshaingia Kagera. Alithibitishwa Muleba, kisha akasambaa wilaya kwa wilaya hadi kufika huku juu, kwenye vibanja vya Wanyambo.

Nani alimbeba? Nyuki na nzi walifanya sehemu yao, lakini mizigo mizito ya safari hiyo ilibebwa na watu: kwenye panga lililoazimwa, kwenye chipukizi la zawadi, kwenye mkungu uliokatwa shamba hili na kufungwa kwa majani ya shamba lile. Ndiyo maana sura hii inahusu tabia kuliko dawa. Mnyauko bakteria, ambao wengi Kagera wanauita unyanjano, hauna dawa ya kunyunyizia. Majivu, mkojo wa ng'ombe, pilipili, vyote vimejaribiwa na wakulima, na mgomba ulioshikwa haukupona. Kinachookoa kibanja ni namna tunavyokata, tunavyogawana na tunavyopokeana.

Nyumba iliyo ndani ya shamba

Mgeni anayetoka Kyaka kupanda kwenda Omurushaka na Kayanga, au anayeshika njia ya Nkwenda hadi Murongo, huona migomba mfululizo na kudhani ni shamba moja kubwa. Mwenyeji anaona mipaka. Kila kibanja kina nyumba yake katikati, migomba ikiizunguka, mibuni chini ya kivuli, maharage na magimbi yakijaza nafasi. Taka za jikoni, samadi ya ng'ombe na mbuzi na nyasi zilizokatwa nje vyote huishia kwenye mashina. Udongo wa Karagwe wenyewe una asili ya volkano, ni mchachu na una uhaba wa fosforasi, kwa hiyo rutuba ya kibanja kwa sehemu kubwa ni kazi ya mikono ya vizazi.

Utamu wa mpangilio huu ndio pia udhaifu wake. Migomba ya kibanja kimoja inapakana na ya jirani bila ua wa maana. Nshakala ya ndizi za kupika husimama hatua chache kutoka Kisubi au Kainja ya pombe. Mbuzi akifungwa vibaya, anatafuna chipukizi hapa na jioni analala kule. Ugonjwa ukiingia kwa mmoja, wa pili hana ukuta wa kujificha nyuma yake.

Na si mara ya kwanza kwa mkoa huu kuonja uchungu huo. Mwaka 1997 mnyauko wa kahawa uligunduliwa Kagera, ukaangamiza mibuni ya robusta. Ule ulikuwa ukungu wala si bakteria, lakini ulipenda mlango uleule, yaani kidonda kwenye shina kilichoachwa na jembe au panga. Kabla ya hapo, miaka ya 1970 na 1980, fukusi na minyoo ya mizizi walikuwa wameshadhoofisha migomba ya mkoa mzima. Historia ya magonjwa ya Kagera ni historia ya vidonda.

Kuujua kwa macho na kwa kisu

Mkulima anayesubiri mgomba uanguke ndipo aseme unaumwa amechelewa. Dalili za kwanza ni ndogo. Jani linalegea na kupoteza ung'avu, kama lililomwagiwa maji ya moto, kisha linageuka njano na kujikunja. Wakati mwingine ugonjwa huanzia juu. Ua dume, lile pipa la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, linaanza kunyauka na kusinyaa. Halafu ndizi zinaiva kabla ya wakati, tena bila mpangilio, hii njano na ya pembeni yake ingali kijani kibichi. Mtu asiyejua huchekelea kwamba mkungu umewahi. Ukipasua ndizi hiyo, nyama yake ina madoa ya rangi ya kutu.

Uthibitisho uko ndani ya shina. Kata shina la mgomba unaoushuku, kisha ngoja bila kugusa. Kati ya dakika 5 na 15, kwenye vitundu vya pale ulipokata, matone madogo ya majimaji mazito yanaanza kujitokeza, meupe yanayoelekea unjano. Yanajikusanya taratibu, yanavimba, yanashuka. Hao ndio bakteria wenyewe, kwa mamilioni. Panga ulilolitumia sasa limepakwa nao, na ukilipeleka moja kwa moja kwenye mgomba wa pili umeshaupanda ugonjwa kwa mkono wako.

Kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao kwa mbali, nao ni mnyauko wa Panama unaoletwa na ukungu wa ardhini. Huu huanza kwenye majani ya chini, yanakuwa njano kuanzia kingo, yanavunjika kwenye bua na kulizunguka shina kama sketi. Shina likikatwa linaonyesha nyuzi za kahawia au wekundu uliokolea, na matone ya njano hayatoki. Ukungu huo hupenda Kisubi, Kainja na ndizi nyingine za pombe na za kuiva, wakati ndizi zetu za kupika, jamii ya Nshakala, Ntobe na Nyoya, huustahimili. Unyanjano hauna ubaguzi huo. Katika migomba yote inayolimwa hapa, hakuna uliothibitika kuwa na kinga kamili. Nchini Uganda watafiti wamepandikiza jeni za pilipili hoho kwenye mgomba na kupata mimea inayoukataa ugonjwa, lakini migomba hiyo bado haijawafikia wakulima wetu. Kwa hiyo turudi kwenye mikono.

Mlango wa juu

Ua dume hutoa utomvu mtamu, na utomvu huita wageni: nyuki wa asali, nyuki wadogo wasiouma, nzi wa matunda. Kila ganda la ua linapodondoka pamoja na vile viua vyake, linaacha kovu bichi. Mdudu aliyetoka kwenye mgomba mgonjwa anatua hapo na miguu yenye bakteria, na mlango uko wazi. Kainja hudondosha maganda yake mfululizo, ndiyo maana huwa ya kwanza kuugua kijijini. Zipo aina zinazong'ang'ania maganda na viua vyake hadi vikauke, na hizo wadudu hawaziambukizi kirahisi.

Dawa ya mlango huu haina gharama. Mara tu chana ya mwisho inapotokeza kwenye mkungu, vunja ua dume. Usilikate. Tafuta mti mrefu wenye panda, ingiza panda kwenye bua lililo chini ya chana ya mwisho, zungusha, vuta. Ua linakatika na kuanguka, na hakuna chuma kilichogusa mgomba. Kidonda hicho cha kuvunja hukauka haraka, na wadudu hawana tena cha kufuata. Wapo wanaosema mkungu hunenepa zaidi baada ya hapo, maana chakula kilichokuwa kikienda kwenye ua kinabaki kwenye ndizi. Hiyo iwe nyongeza. Faida ya kwanza ni kufunga mlango.

Kazi hii inataka ratiba kuliko nguvu. Mikungu haitoki siku moja, kwa hiyo anayezunguka kibanja mara moja kwa msimu atakuta maua yameshadondosha maganda kwa wiki kadhaa. Mzunguko mmoja kila wiki unatosha, na mtoto wa shule anaweza kuufanya.

Mlango wa chini

Mgomba hukatwa kuliko mti wowote wa shamba. Tunaondoa majani makavu, tunapunguza machipukizi ili shina libaki na mama, binti na mjukuu, tunakata mkungu, tunakata majani ya kufunikia chakula na ya kufunga mzigo. Kila tendo ni kidonda. Mtu mmoja mwenye panga moja, akipogolea kibanja chenye mgomba mmoja mgonjwa usioonyesha dalili, anaweza kusambaza ugonjwa kwa asubuhi moja kuliko nyuki wa mwezi mzima.

Njia za kusafisha ni mbili. Ya kwanza ni moto: futa udongo na utomvu, pitisha bapa la panga kwenye miali, geuza upande wa pili, hadi liwe la moto kiasi cha mkono kushindwa kuligusa. Halihitaji kuwa jekundu. Wanaolalamika kwamba moto huua makali wanasema kweli, ila mara nyingi wamelisahau kwenye makaa. Njia ya pili ni Jik, kipimo kimoja kwa vipimo vitano vya maji, kwenye ndoo unayotembea nayo. Panga lioshwe matope kwanza, maana dawa hiyo hupoteza nguvu ikikutana na uchafu. Na ichanganywe siku hiyohiyo, kwa sababu iliyolala juani imebaki maji tu.

Ugumu hauko kwenye moto wala Jik. Uko kwenye maneno. Mnunuzi anafika na baiskeli, panga limefungwa kwenye keria, na tangu alfajiri amepita vibanja vingi.

"Hodi, mama! Tumekuja kwa ule mkungu."

"Karibuni, wanangu. Hilo panga limetoka wapi?"

"Tumekata hapo bondeni kwa mzee. Ni safi, mama."

"Usafi wa macho huo. Jiko lile pale, lipitisheni motoni, au chukueni langu."

Mazungumzo mafupi kama hayo yanazuia hasara ambayo hakuna ofisi inayoweza kuifidia. Lakini yanahitaji ujasiri, hasa kama mnunuzi ni mkwe, au ni mtu mzima kuliko mwenye shamba. Kwa mila zetu kumkagulia mgeni chombo chake ni kumshuku. Njia nzuri ni kuwa na panga la kibanja lisilotoka, linaloning'inia mahali pamoja, ambalo kila anayekuja kukata hulitumia. Hapo hakuna anayeshukiwa, maana sheria ni moja kwa wote.

Kung'oa shina zima au kukata mmoja?

Ugonjwa ulipoingia, ushauri wa mwanzo ulikuwa mkali: mgomba mmoja ukiugua, ng'oa shina zima pamoja na tunguu lake, fukia, usipande mgomba hapo kwa miezi kadhaa. Kwa waliosoma maagizo ofisini ilikuwa sentensi fupi. Kwa mjane mwenye jembe moja, kung'oa tunguu kubwa la mgomba wa miaka mingi ni kazi ya kutwa nzima, tena anang'oa na mimea inayoonekana mizima iliyobeba chakula cha mwezi ujao. Wengi walificha wagonjwa wao. Waliokata majani yaliyonyauka ili afisa asione, walitumia panga lilelile kwa migomba iliyobaki.

Utafiti uliofanyika baadaye katika nchi za Maziwa Makuu, hasa mashariki mwa Kongo, ulileta nafuu. Ilibainika kwamba bakteria akiingia mmea mmoja si lazima afike kwenye mimea yote ya shina hilo. Wengine huponyoka. Kwa hiyo ikazaliwa njia ya kukata mgonjwa mmojammoja: unapoona dalili, kata mmea huo peke yake usawa wa ardhi, mlaze hapohapo, uwaache wenzake, safisha panga, endelea. Wiki ijayo unarudi. Mwingine akionyesha dalili unamkata naye. Kibanja kinaendelea kulisha watu wakati ugonjwa unapungua mwezi hadi mwezi.

Njia hii ina masharti. Inataka mtu anayezunguka kila wiki bila kuruka, inataka panga safi kati ya mgomba na mgomba, na inakwenda pamoja na kuvunja maua dume. Inafaa ugonjwa ukiwa bado haujatawala. Pale ambapo zaidi ya nusu ya migomba imeshalala, kukata mmojammoja ni kuchota ziwa kwa kikombe. Afadhali kusafisha eneo, kulima maharage, mahindi au viazi kwa angalau miezi 6, kisha kurudi na mbegu safi.

Mdudu wa usiku

Vibanja vingi vinavyodaiwa kuchoka vimechoshwa na fukusi wa migomba. Mchana hutamwona. Amejificha kwenye unyevu, kati ya maganda ya shina au chini ya takataka. Ni mweusi, mgumu, urefu wa zaidi kidogo ya sentimita moja, na mdomo wake umechongoka mbele. Ukimshika hukunja miguu na kujifanya amekufa. Mweke kiganjani, ngoja kidogo, ataanza kutembea. Anaweza kuishi zaidi ya mwaka, huruka kwa nadra sana, na hutaga mayai machache kwa wiki. Mtu angedhani hawezi kuleta madhara. Lakini buu wake, mweupe, asiye na miguu, mwenye kichwa cha kahawia, hutoboa tunguu njia kwa njia hadi linakuwa vumbi. Upepo wa kwanza wa mvua za Machi ukipiga, mgomba wenye mkungu unakatika chini. Ukiona mgomba umeanguka na mizizi yake ikiwa juu, imeoza na kuwa myeusi, shuku minyoo ya mizizi. Ukikatika kwenye tunguu lililojaa vitundu, huyo ni fukusi.

Zamani Afrika Mashariki ilimpiga kwa sumu ya dieldrin. Ilifanya kazi kwa muda, kisha mdudu akawa sugu, na sumu ikabaki kwenye udongo. Siku hizi kazi kubwa ni usafi. Mgomba uliovunwa usiachwe ukisimama na kuoza. Shina lake likatwe vipande vyembamba vikauke haraka, maana shina linalooza ndilo kitanda cha kutagia. Kwa mtego, chukua kipande cha shina bichi cha urefu wa futi moja, kipasue kwa urefu, ulaze upande uliopasuliwa chini karibu na mgomba. Baada ya siku 3 inua, okota waliokusanyika, waue. Hapa vita viwili vinagongana: shina la mtego lazima litoke kwenye mgomba mzima, la sivyo unatega fukusi huku unatawanya unyanjano.

Samadi na matandazo ya nyasi hayamuui fukusi, lakini mgomba ulioshiba huota mizizi haraka kuliko inavyoliwa. Matandazo yasogezwe mbali kidogo na shina, yasimpe mdudu blanketi.

Chipukizi la zawadi

Kijana akioa, baba humkatia kipande cha ardhi, na jamaa humletea machipukizi. Hakuna zawadi yenye heshima kama hiyo, na hakuna njia rahisi kama hiyo ya kuhamisha maradhi yote ya ukoo. Chipukizi linaweza kubeba bakteria bila dalili yoyote, fukusi akiwa yai, na minyoo isiyoonekana kwa macho.

Kwa unyanjano kanuni haina mjadala: chipukizi lisitoke kwenye kibanja kilichowahi kuugua. Kwa fukusi na minyoo kuna la kufanya. Chipukizi likishang'olewa, limenywe mizizi yote na ngozi ya nje ya tunguu hadi pabaki peupe. Penye vitundu vya buu, litupwe. Kisha litumbukizwe kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 tu, litolewe, lipoe. Ulichoambua kipelekwe juani mbali na shimo la kupandia. Njia nyingine ni miche ya chupa, inayokuzwa maabara bila mdudu wala kimelea, ingawa ukiipanda katikati ya fukusi wa zamani itawapata upesi.

Mkoa wenyewe una kumbukumbu njema ya mbegu safi. Kati ya 1997 na 2002, mradi wa maendeleo ya jamii Kagera, uliofadhiliwa na Ubelgiji, ulizalisha na kugawa machipukizi kwa mamilioni, yakiwemo ya aina mpya za FHIA na Yangambi Km5, ili kuziba pengo lililoachwa na fukusi, minyoo na magonjwa ya majani. Kituo cha utafiti cha Maruku, Bukoba, sasa chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), kimeendelea na kazi hiyo, na mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha aina nne za ndizi za kupika zilizopewa jina la TARIBAN. Aina hizo zinasaidia dhidi ya ugonjwa wa majani wa Sigatoka. Hazijafuta haja ya moto kwenye panga.

Mpaka na soko

Kyerwa, iliyogawanywa kutoka Karagwe mwaka 2012, inapakana na Uganda na Rwanda. Ng'ambo ya Murongo, ukivuka Mto Kagera, ni Kikagati, na watu wa pande zote mbili wana shangazi na wajomba upande wa pili. Mikungu, machipukizi na majani ya kufungia yamevuka mto huo tangu kabla ya mpaka kuchorwa. Kukataza kuvuka hakujawahi kufaulu kwa muda mrefu. Kinachowezekana ni mkungu kusafiri bila ua dume, bila kufungwa kwa majani mabichi ya mgomba, na maganda na vikonyo vya sokoni visirudishwe kibanjani kama mbolea kabla havijaoza kabisa.

Sheria ndogo za vijiji zina nafasi yake, na Redio FADECO ya Kayanga imekuwa ikifikisha ushauri wa kilimo hadi vitongoji ambavyo bwana shamba hafiki kwa mwezi. Lakini hakuna mtendaji anayeweza kusimama kwenye kila kibanja kuangalia kila panga. Pale sheria inapoishia, heshima inaanza, na ndiyo inayopaswa kubadilika. Leo anayemwambia mgeni apitishe panga motoni huonekana mkorofi. Aliyeficha mgomba mgonjwa huonewa huruma. Siku kijiji kitakapoyageuza hayo, mgeni akaomba moto mwenyewe kabla hajaombwa, na mwenye mgonjwa akamwita jirani siku ileile aje aangalie, kazi kubwa zaidi itakuwa imeshafanyika. Itakayobaki ni mzunguko wa kila wiki, mti wenye panda begani na panga mkononi, ambao mtu yeyote mwenye kibanja anaweza kuuanza Jumamosi hii.